Fimbo Haimponyi Mlevi



Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Mei, msimu wa kununua pamba hufunguliwa. Sisi wa Zagayu, kama wenzetu wa kata nyingine za Itilima, na wa Bariadi, Maswa, Meatu na Busega, hupeleka pamba yetu kwenye mizani ya ushirika. Huo ni wakati wa furaha. Madeni hulipwa, bati hununuliwa, watoto hupata sare za shule. Lakini kila mmoja wetu ajua kuwa huo pia ndio wakati ambapo baadhi ya ndugu zetu hutupotea. Mtu huondoka nyumbani asubuhi na fedha za jasho la msimu mzima, jasho lake na la mkewe na la watoto, akarudi usiku wa manane amebebwa, mifuko mitupu. Kesho yake mkewe hasemi neno, na watoto nao wamekwisha kujifunza kutosema neno.

Mtu huyu hatutamtaja jina, kwa sababu hana jina moja. Yumo katika kila kijiji. Zamani alikuwa mchapa kazi, na majirani walipolimiana kwa zamu wote walitaka awe upande wao. Alianza na pombe ya mtama kwenye arusi na kwenye matanga, kama watu wengine. Kisha ikaja gongo. Sasa asipokunywa asubuhi mikono yake hutetemeka hata hawezi kushika kikombe cha uji. Na kijana wa jirani yake amezama katika bangi, shamba hataki na shule ameiacha. Je, watu hawa wawili tumewafanyia nini?

Tusijifiche. Tumewacheka, na watoto wetu wamewafuata njiani wakiwazomea. Tumewatoza faini, na faini hiyo imelipwa na mke kwa kuuza mbuzi. Mahali pengine tumewachapa viboko. Tena tumewatia mahabusu. Na viongozi nao wamesimama kwenye mikutano ya hadhara wakawakemea walevi kwa sauti kubwa, watu wakapiga makofi, na jioni kiongozi yule yule akaonekana na chupa mbele yake. Baada ya hayo yote mtu wetu yu pale pale kilabuni, na huyu kijana yu pale pale nyuma ya miti.

Sisi twasema njia hiyo imeshindwa, na hatuna budi kuiacha. Mtu aliyenaswa na kileo au na dawa za kulevya ni mgonjwa. Mgonjwa huyu ana matibabu, na katika matibabu hayo kubwa ni kuwa na mtu aliyefunzwa, atakayekaa naye, amsikilize, amwongoze siku ya kwanza ya kuacha na miezi mingi baada ya hapo. Mtu huyo huitwa mnasihi. Katika Zagayu, na katika kila kata ya Mkoa wa Simiyu, mnasihi wa namna hiyo yafaa awepo karibu, mahali ambapo mkulima aweza kumfikia kwa miguu.

Wako wasemao kuwa mlevi ni kupe tu, anayenyonya jasho la mkewe. Twawajibu hivi: kupe hunyonya akanenepa. Mtazameni mtu huyu, je, amenenepa? Mashavu yamebonyea, macho yamekuwa ya manjano, miguu imevimba. Huyu naye ananyonywa.

Wazee wetu walipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, walizitaja nguvu za mamilioni ya wanaume vijijini zinazopotea katika umbea, ngoma na ulevi. Wengi wakumbuka maneno hayo kama karipio. Lakini walioliandika Azimio waliziita nguvu hizo kuwa ni hazina ya nchi. Sasa hazina iliyofukiwa hutolewaje? Hutolewa kwa kuchimbwa kwa uangalifu, na mchimbaji mwenye akili haipigi mawe. Basi sisi tumelikariri karipio tukasahau hazina.

Na tuelewe vizuri ugonjwa wenyewe, maana ujinga nao ni adui tuliyeapa kupigana naye. Kileo kikizoeleka mwilini kwa miaka, ubongo hubadilika. Mwili wakizoea kama unavyozoea chakula, na kikikosekana hulalamika. Ndiyo maana mtu aweza kuapa mbele ya mama yake kwamba hatakunywa tena, akaapa kwa moyo safi kabisa, na kabla ya jua kutua akawa amekunywa. Mapenzi ya mama yake anayo, lakini mwili umemkatalia.

Tena iko hatari ambayo wengi hawaijui. Mnywaji wa muda mrefu akizuiwa kunywa ghafla, katika siku tatu nne za kwanza aweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na degedege, na hata kufa. Tabibu anazo dawa za kumtuliza katika siku hizo, na vitamini za kuulinda ubongo wake. Lakini sisi tukimkamata Ijumaa jioni na kumfungia, tukidhani twamfundisha adabu, huenda Jumatatu tukafungua mlango tukakuta maiti. Hapo tutasema amekufa kwa ulevi. Ukweli ni kwamba amekufa kwa kutojua kwetu.

Baadhi watauliza: mambo haya yamejaribiwa wapi? Yamejaribiwa hapa hapa nchini mwetu. Mwezi wa Februari mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa dawa ya methadoni watu waliokuwa wametekwa na heroini. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dawa yake mbele ya mhudumu, na pamoja na dawa hupewa unasihi. Huduma hiyo ilienea Mwananyamala na Temeke, ikafika Zanzibar, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Watu waliokuwa wakilala vichochoroni, wakikimbiwa na ndugu zao, wengi wao wamerudi nyumbani na kufanya kazi. Zanzibar nako, tangu mwaka 2009, zimeanzishwa nyumba za upataji nafuu, ambamo waliokwisha kuacha huwaongoza wanaoanza kuacha. Mtu aliyepita motoni ndiye ajuaye njia ya kutokea.

Lakini methadoni ni ya heroini na jamii yake. Haimponyi mnywa gongo wala mvuta bangi, na sisi wa Simiyu maradhi yetu makubwa ni hayo. Je, tukae tukingoja dawa? La. Kwa bangi, matibabu makubwa ni unasihi wenyewe. Kwa kileo zipo dawa za kusaidia, lakini bila mazungumzo na uangalizi hazifiki mbali. Kule Moshi, katika Hospitali ya KCMC, wataalamu waliona kuwa majeruhi wengi wanaoletwa walikuwa wameumia hali wamekunywa. Wakawafunza wauguzi kuzungumza na majeruhi hao kwa muda mfupi, pale pale kitandani, kwa Kiswahili na kwa heshima, juu ya unywaji wao. Mpango huo ukaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Tazameni busara hiyo: mtu amelala na mguu uliovunjika, pombe ndiyo iliyomwangusha, na kwa mara ya kwanza mtu anamwuliza pasipo kumfokea. Wakati kama huo sikio hufunguka.

Sasa unasihi ni nini? Si mahubiri. Watu wetu wamehubiriwa vya kutosha. Mnasihi mwema huanza kwa kuuliza na kunyamaza. Wewe mwenyewe waonaje hali yako? Pombe yakupa nini, nayo yakunyang'anya nini? Mgonjwa akijibu kwa kinywa chake kwamba binti yake amekosa shule kwa ajili yake, neno hilo lina uzito kuliko hotuba mia za mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu limetoka ndani yake.

Yako pia maswali yaliyopangwa. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali kumi ya kupima unywaji wa mtu, na jirani zetu wa Kenya walikuwa miongoni mwa nchi sita zilizotumika katika kuyatayarisha. Maswali hayo yauliza mtu hunywa mara ngapi, hunywa kiasi gani, kama hushindwa kuacha akishaanza, kama hunywa asubuhi ili aweze kuamka, kama amemwumiza mtu. Muuguzi wa zahanati aweza kuyauliza kwa dakika chache. Majibu humwonyesha nani anahitaji shauri tu, na nani anahitaji kupelekwa hospitali kabla hajaanza kuacha.

Kisha mnasihi na mgonjwa hupanga pamoja. Je, ni nini kimpelekacho kilabuni? Huenda ni fedha za pamba mkononi. Basi wapange fedha zipokewe na mume na mke pamoja. Huenda ni siku ya gulio. Basi siku hiyo apange kazi nyingine, au aende na mtu asiyekunywa. Huenda ni msiba ambao hajauzungumza na mtu tangu alipozika mtoto. Hapo mnasihi atakaa naye katika huzuni hiyo, maana ulevi mwingine ni kilio kilichokosa pa kutokea.

Mke naye na wazazi hawana budi kuitwa. Wao nao wameumia, nao wahitaji kufundishwa kutofautisha kumsaidia mgonjwa na kuusaidia ugonjwa. Mama anayemlipia mwanawe deni la kilabuni kila wiki ampenda mwanawe, lakini anayeshukuru ni mwenye kilabu.

Na juu ya yote, mnasihi hutunza siri. Hapa twasema kwa mkazo, kwa sababu tunaijua desturi yetu ya vijijini. Mgonjwa akisikia habari zake kisimani, harudi tena, wala hatarudi yeyote aliyekuwa akifikiri kumfuata. Mtu asiyeweza kufunga kinywa chake asipewe kazi hii, hata akiwa na vyeti vingi.

Liko jambo jingine linalowavunja moyo watu wengi. Mgonjwa huacha miezi mitatu, kila mtu akamsifu, halafu siku moja akaonekana amelewa. Mara husemwa: tulijua, hana dawa huyu. Ndugu zangu, ni nani kati yetu apaliliaye pamba mara moja akasema magugu yamekwisha? Palizi ya kwanza hufuatwa na ya pili, na baada ya ya pili twatazama tena. Wadudu tukiwapulizia dawa mara moja hatuuzi bomba. Kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa huu, kama homa inavyoweza kurudi. Mnasihi hamfukuzi aliyeanguka. Humwuliza: siku ile ilikuwaje, ulikuwa na nani, tufanye nini mara nyingine? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ndiyo maana waliokwisha kuacha hufaa wakutane wao kwa wao. Huko Marekani, mwaka 1935, walevi wawili, mmoja daktari na mmoja mfanyabiashara wa hisa, waligundua kuwa kila mmoja aliweza kukaa bila kunywa alipokuwa akimsaidia mwenzake. Kutoka kwa watu wawili hao vikundi vilienea duniani pote. Sisi Wasukuma hatuhitaji kufundishwa kufanya jambo kwa kikundi. Tumelima kwa vikundi na kucheza ngoma kwa vikundi, Bagika na Bagalu, tangu enzi za babu zetu. Je, tutashindwa kuwa na kikundi cha watu kumi walioacha gongo, wakutanao kila Jumapili mchana na kulima pamoja shamba moja la dengu?

Sasa tuwasikilize wapinzani wa jambo hili. Wa kwanza husema: mlevi amejitakia, fedha ya umma isitumike kwake. Twauliza: aliyepanda mwembe akaanguka na kuvunjika mguu, je, hakujitakia? Mbona twamfunga plasta? Aliyelala bila chandarua akaugua malaria, je, zahanati humfukuza? Hatupimi ugonjwa kwa kosa la mgonjwa. Tena fedha ya umma inatumika tayari, kwa majeruhi, kwa wafungwa, kwa watoto walioacha shule, kwa mashamba yasiyolimwa.

Wa pili husema: sheria itumike tu, gongo ikomeshwe, bangi ing'olewe, yatakwisha. Sisi hatupingi sheria. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilikataza kutengeneza gongo ovyo, na mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, na ilifanya vema. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina kazi kubwa, na wauzaji wasionewe huruma. Lakini gongo imeishi zaidi ya nusu karne chini ya sheria hiyo. Kiroba kilipoondoka, aliyekuwa amenaswa hakupona siku hiyo, alitafuta kinywaji kingine. Sheria yaweza kufunga duka la muuzaji, lakini kiu iliyomo ndani ya mtu haiifungi.

Tena tukumbuke wapikao gongo ni akina nani. Wengi ni mama zetu na dada zetu, wajane na walioachwa, wanaotafuta ada na daftari za watoto. Tukivunja mitungi yao bila kuwapa njia nyingine ya kuishi, watapika tena usiku. Halmashauri yafaa iwatazame wanawake hao kwanza inapogawa mikopo ya vikundi.

Basi twapendekeza nini? Hatuombi jumba la ghorofa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafunza wapatao 137,294, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Watu hao ni wenyeji, wajua lugha yetu na njia za nyumba zetu. Twataka katika kila kijiji angalau mmoja wao afunzwe unasihi wa waathirika wa pombe na dawa za kulevya. Twataka kila kata iwe na muuguzi mmoja na afisa ustawi wa jamii mmoja watakaowasimamia, na wagonjwa wenye hatari wapelekwe hospitali wakiwa na barua mkononi, wapokewe kama wagonjwa wengine.

Mabalozi wa nyumba kumi nao wana kazi. Wao ndio wa kwanza kujua nyumba gani haipiki. Balozi asipeleke jina la mtu huyo kwenye mkutano wa hadhara. Ampeleke mtu mwenyewe kwa mnasihi, kwa miguu yao wawili, wakizungumza njiani.

Sungusungu walituondolea wezi wa ng'ombe tangu miaka ya 1980, nasi twawashukuru. Lakini mgonjwa si mwizi. Waache fimbo zao nyumbani wanapomwendea. Wakimkuta mlevi amelala njiani usiku, wamfikishe kwake salama, na anayetetemeka na kuweweseka wamkimbize zahanati.

Ushirika nao ushike jambo moja: aliyerudi kutoka kwenye matibabu apewe kazi. Apimishe pamba, ashone magunia, alinde ghala. Mtu aliyeacha pombe akakaa bila kazi huzisikia kelele za kilabu kutoka mbali. Na viongozi, wa Chama na wa Serikali, waanze na nafsi zao. Asiyeweza kukaa wiki moja bila chupa asipande jukwaani kumkemea mnywa gongo. Aende kwanza kwa mnasihi, nasi tutampongeza kwa ushujaa huo.

Msimu mwingine wa pamba utakuja. Mizani itafunguliwa, fedha zitatoka, na ndugu yetu atasimama njia panda, njia moja ikienda nyumbani na nyingine ikienda kilabuni. Mpaka leo kwenye njia panda hiyo tumemwekea fimbo na kicheko. Tumwekee mtu. Asimame hapo mtu amjuaye, asiyemcheka, atakayemwambia: twende, nitakusindikiza.

Wazee waliotuletea uhuru walisema Uhuru na Kazi. Mtu aliyefungwa na chupa uhuru hana, na kazi haiwezi. Ndugu wananchi wa Zagayu, tumfungue.